Chujio la nano likae kiwandani

Kuchemsha maji hakuondoi metali kama risasi na kobalti. Vijidudu vitakufa, lakini maji yakipungua kwa mvuke, metali iliyobaki sufuriani inakolea zaidi. Hapa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba na kobalti nchini Kongo, bado tunaambiana "chemsha tu", hata mtaani Penga-Penga, chini ya lile bomba la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba.

Sasa kuna wanaotuahidi vichujio vya nano vya nyumbani. Sayansi yake naikubali. Ni unga, tuseme wa oksidi ya chuma, wenye chembe zisizozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chembe zikiwa ndogo hivyo, gramu moja tu ina uso mpana ajabu, na huko ndiko metali inakonata. Mwaka 2006 watafiti wa Rice University, Marekani, walionyesha kuwa unga wa aina hiyo ukishashika sumu ya arseniki unaweza kuvutwa kutoka majini kwa sumaku ya nguvu ndogo tu.

Lakini unga hushiba. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauonji wala jicho halioni. Mama wa Katuba atajuaje kwamba chujio lake limeshiba tangu mwezi uliopita? Na akijua, ule unga ataumwaga wapi? Mtaroni, bila shaka. Kutoka hapo ni mtoni, kisha kwenye bustani za lengalenga (mchicha), kisha sahanini kwetu.

Kwenye kiwanda cha shaba na kobalti, kinachomwaga maji hayo, mambo ni mengine. Kule kuna maabara ya kupima maji kila siku. Kuna chokaa ya kupunguza asidi kwanza, maana kwenye maji makali ya asidi, shaba na kobalti hazishikwi vizuri. Asidi hiyohiyo ndiyo inayoosha unga ulioshiba ili utumike tena, na kinachotoka ni shaba na kobalti, vitu ambavyo kiwanda kinajua kuviuza! Jikoni ni sumu tu.

Utafiti uliofanywa hapa mjini na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta uhusiano kati ya kazi ya baba migodini na watoto kuzaliwa na kasoro. Baada ya hayo, kumwambia mzazi huyohuyo atoe pesa mfukoni anunue chujio, mimi naona ni kumtoza faini kwa kosa la mwingine. Mwenye kumwaga alipie, tena kabla maji hayajafika mto Lubumbashi.