Embe Nalo Linataka Picha

Zamani embe lilinunuliwa kwa pua. Unalinusa pale kwenye kikonyo, unalibonyeza kidogo muuzaji akiangalia pembeni, mnavutana bei, unaondoka nalo kwenye rambo. Rambo zimepigwa marufuku tangu 2019, na pua nayo naona imefuata. Siku hizi embe linatazamwa kwenye simu. La kutazamwa kwenye simu lazima lipigwe picha, na mpiga picha wa nyumba hii, bila barua ya ajira wala posho, ni mimi.

Mama watoto anauza matunda kwenye stetasi ya WhatsApp. Biashara halali, nampongeza, hata bando naweka mimi. Shida ni kwamba msimu wa embe na mvua za vuli vimeoana. Dodo na bolibo yanaanza kumiminika Novemba, na mawingu nayo Novemba hiyo hiyo yanapanga foleni kutoka baharini. Kwa nini yasiive mwezi wa saba, jua likiwaka, mtu nikafyatua nikalale? Mwezi wa saba kuna machungwa ya Muheza, ambayo hayahitaji fundi: chungwa letu linaiva na ukijani wake, mteja anajua, hakuna anayeuliza mbona hivi. Embe ndilo lenye maswali.

Basi leo mvua imeamka kabla yangu. Tabata nzima inatiririka, bodaboda wamejibanza kwenye kibaraza cha duka, sebule imekuwa giza saa nne asubuhi. Umeme wetu nao una adabu ya ajabu, ukisikia ngurumo unaaga. Nimeshika kikombe changu cha chai, nasikia, "Baba watoto, kabla hujaenda popote, nipigie yale maembe." Popote wapi? Nje kumekuwa bwawa!

Ukipiga na flashi, embe linatoka na doa jeupe katikati, kama kipara cha mjumbe wa nyumba kumi. Ukipiga bila flashi, picha inajaa chengachenga. Halafu penye mwanga hafifu simu inakaa na jicho wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo tu embe moja linatoka mawili. Na mkono wangu lazima utikisike, chai sijaimaliza. Mama watoto aliitazama hiyo ya mawili akasema angalau mzigo umeongezeka.

Umeme ukarudi. Nikawasha taa ya sebuleni, zile taa za bei poa, picha ikatoka na mistari ya kiza imekatiza toka juu hadi chini, embe liko jela. Nikasogea mlangoni ili mwanga wa nje usaidiane na wa taa. Hawakusaidiana. Upande wa taa bolibo limeiva njano, upande wa mlango lina rangi ya mtu mwenye malaria.

Kuna kijana wa jirani anapiga picha za harusi. Alipita kuomba mwavuli, akaona mateso yangu, akacheka kwanza, halafu akasema mwanga wa mawingu ndio mtamu, hauna vivuli vikali. Weka meza kando ya dirisha, zima taa, mwanga uje ubavuni, upande wa pili simamisha kitu cheupe kirudishe mwanga. Elimu nzuri sana, shukrani kwake. Ila yeye hajui kwamba nje ya dirisha langu mwenye nyumba amefunga turubai la kijani kuzuia mvua. Mwanga wote unaoingia humu ndani umepitia kwenye turubai hilo. Dodo kijani, nanasi la Kiwangwa kijani, plamsi za Lushoto zilizokuwa nyekundu asubuhi sasa zinaonekana zimechumwa changa. Hata kitinda mimba, niliyempa kazi ya kushika shuka jeupe upande wa pili, alikuwa kijani.

Huyo mtoto naye! Malipo yake tulikubaliana ni plamsi moja. Nikiinama kutafuta pembe, nikiinuka sahani imepungua. Nikasema sawa, tubadilishe mpango, tupige sahani yenye nafasi.

Kijana wa harusi akanisimulia habari za Mmarekani mmoja, Edward Weston, aliyepiga picha ya pilipili hoho mwaka 1930. Aliiweka ndani ya faneli ya bati, akaipiga, na picha inaitwa Pilipili Hoho Namba 30, maana zilitangulia nyingine kibao. Leo inatunzwa makumbusho. Hoho! Nikamuuliza, mkewe alikuwa anauza hoho? Akasema hapana. Basi ndiyo maana alipata utulivu. Halafu kumbe baadhi ya hizo hoho alikuwa akishazipiga anazila. Nikamwangalia kitinda mimba, nikaona labda namnyanyasa bure msanii.

Kwangu utulivu haupo. Bosi kaja na agizo jipya: anataka matone, embe lionekane limetoka shambani asubuhi hii. Maji ya kawaida yanateleza, yanakauka. Akaleta glisarini yake ya kujipaka, akaichanganya na maji, akapulizia. Nje mvua inabomoa mitaro, sisi ndani tunatengeneza mvua ya kupulizia. Tone moja likakaa vizuri kwenye bega la dodo, duara kabisa, dirisha langu zima limo ndani yake na turubai la watu. Lakini chini ya tone kuna mchirizi mweusi wa utomvu, unaanzia kwenye kikonyo unashuka hadi tumboni. "Futa hilo." Nikafuta. Halifutiki, utomvu wa embe ukishaunguza ganda umeunguza. "Basi lizungushe." Nikalizungusha, tone likaanguka. Tulianza upya na dodo lingine, nalo lina la kwake.

Mwishowe akachukua simu yake, akaweka ile programu ya kukoleza rangi. Maembe yakawa mekundu. Mke wangu, dodo halijawahi kuwa jekundu tangu dunia iumbwe! Hakunisikia, ameshapandisha.

Wateja hawakukawia. Wa kwanza anauliza bei, na bei imeandikwa juu ya nanasi kwa herufi kubwa. Wa pili yuko Mwanza, anauliza kama tunaleta mpaka mlangoni. Wa tatu anataka kujua kama embe lina nyuzi, swali ambalo hata Weston asingelijibu kwa picha. Wa nne kwa Kiswahili fasaha: "Dada, hicho kitenge mlichotandika chini ni kiasi gani?" Wa tano naye kitenge. Wa sita kitenge, na kama kipo cha zambarau.

Mama watoto kaweka simu chini, kanitazama toka unyayoni mpaka utosini. Anasema vitenge havipigwi picha mezani, vinapigwa vikiwa vimevaliwa, na yeye hawezi kuvaa na kusimamia kazi kwa wakati mmoja. Nimemwambia hapana. Embe nimekubali, glisarini nimekubali, kufukuzana na mtoto nimekubali. Kusimama kibarazani na doti ya kitenge bodaboda wote wakinitazama, hapana. Na kwanza mwanga wenyewe uko wapi?