Miluzi ya Usiku wa Manane na Mfuko Mmoja wa Saruji

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi sijawahi kulisha bata-mwitu kwa hiari yangu hata siku moja, na kwamba stakabadhi iliyomo katika faili la ofisi ya mtaa wetu, yenye jina langu kamili na maelezo yanayosema kinyume chake, ni waraka ninaoupinga mpaka leo.

Mtaa wetu uko upande wa Nzuguni, ambako tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji mwaka 2018 viwanja vimejaa nyumba kabla hata ya mitaro kuchimbwa. Nyuma ya viwanja vyetu kuna shimo kubwa ambalo waliojenga barabara walichimbia moramu, wakaondoka nalo likiwa wazi. Mvua za Dodoma ni chache, kwa kawaida ni karibu milimita 600 kwa mwaka mzima, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini kila tone linaloangukia mtaa wetu hujua njia ya kufika shimoni. Msimu huo lilijaa hadi ukingoni, majani yakaota pembezoni, na asubuhi moja tukaamka tukakuta limepata wenyeji: kundi la bata wenye uso mweupe, shingo ya hudhurungi na tumbo jeusi, wadogo kuliko bata wa kufugwa, wamejipanga wima ukingoni kama wanafunzi walioitwa gwaride. Sauti yao si ile ya kukwaruza tuliyoizoea. Wao hupiga mluzi, wi-wi-wiuu, na mmoja akianza mwenzake wa ng'ambo humjibu.

Jirani yangu anayeuza chapati na maandazi kwa watoto wa shule, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Chapati, ndiye aliyeanza kuwapelekea viporo. Jioni alikuwa akiketi kwenye jiwe, beseni magotini, akiwakatia maandazi vipande vidogo vidogo na kuwasemesha, huku watoto wakigombania nafasi ya kurusha. Wiki haikupita, bata wakawa wanamfuata hadi karibu na jiko lake.

Mimi ni mkaguzi wa ndani kwa taaluma, na jambo lisilo na utaratibu hunikosesha usingizi. Niliomba nafasi katika mkutano wa mtaa nikatoa hoja zangu kwa mpangilio. Nilieleza kwamba unga wa ngano uliokaangwa humjaza ndege tumbo bila kumpa lishe anayoihitaji, ilhali bata hawa wanajua kujitafutia mbegu za majani, mimea ya majini, konokono na wadudu, tena zaidi usiku, sisi tukiwa tumelala. Nilieleza kwamba makombo yanayobaki huozea majini na kuita panya. Nilieleza habari ya magonjwa, kwa kuwa ndege wa majini wanaweza kubeba virusi vya mdondo na vya mafua ya ndege bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa, na mimi nina kuku wa kienyeji ambao kila baada ya miezi mitatu nawakamata mmoja mmoja gizani na kuwadondoshea tone la chanjo jichoni, huku jogoo akinichana mikono mpaka naonekana nimepigana na paka. Mwisho nilisema kwamba bata aliyezoea kulishwa huacha kumwogopa binadamu, na si kila binadamu ni Mama Chapati. Hapo nilimtazama kijana mmoja fundi rangi, aliyekuwa akiwaangalia wale bata kwa jicho la kitoweo, nikamkumbusha kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujichukulia mnyama wa porini bila kibali, hata akiwa nyuma ya choo chako.

Mama Chapati alisimama akajifunga khanga vizuri. "Kaka Mkaguzi," alisema, "aliyechimba shimo akaliacha wazi hatumjui na hatafutwi. Anayewapa wageni kipande cha andazi ndiye anaitiwa mkutano?" Watu walipiga makofi, nami nakiri hoja ilikuwa nzuri, ingawa haikuwa kwenye ajenda. Nikamjibu kwamba hawa si wageni wa kukirimiwa bali ni wapita njia: shimo likikauka wana bwawa la Hombolo, ambalo lipo tangu mwaka 1957, na wana mabonde ya Bahi, lakini tukiwafunga kwa maandazi watabaki hapa wakikanyaga tope. Kura zikapigwa. Ikaazimiwa kwamba atakayewalisha bata atatozwa mfuko mmoja wa saruji kwa ajili ya choo cha ofisi ya mtaa, na ikaundwa kamati ya kusimamia azimio hilo, mimi nikiwa mwenyekiti wake. Adhabu ya saruji niliipendekeza mwenyewe.

Mwezi Februari mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini kwao, wilaya ya Chamwino, akiwa na gunia la uwele na ndoo nyingine iliyojaa uwele uliokwisha kupepetwa, maana hana imani na unga wa dukani. Gunia lilikuwa limelowa juu ya basi. Akatandika turubai uani, akaumwaga uwele ule ukauke, na jioni, kwa kuwa anga lilikuwa jeupe, akaona hakuna haja ya kuuanua. Habari za bata hakuna aliyemweleza. Ukuta wetu wa nyuma wakati huo ulikuwa bado msingi tu.

Usiku wa manane niligongewa mlango wa chumba. "Baba! Baba we, amka! Wezi wameingia uani, wanaitana kwa miluzi!"

Nilitega sikio. Kweli, mluzi mmoja ulitoka karibu na karo, mwingine ukajibu kutoka upande wa banda la kuku, na katikati kulikuwa na mchakacho wa miguu mingi juu ya turubai. Wiki hiyo jirani alikuwa ameibiwa nondo. Umeme ulikuwa umekatika. Nilijifunga kitenge cha mke wangu, kilichokuwa karibu, nikaingia jikoni kutafuta mchi, na katika giza lile mkono wangu ukapata ndoo. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu akinisukuma kwa heshima. Nikafungua mlango, nikapaza sauti kubwa kuliko ujasiri niliokuwa nao, nikairusha ndoo kwa nguvu zangu zote kuelekea kwenye miluzi. Kilichoondoka ni uwele. Ndoo yenyewe ilibaki mkononi, ikining'inia kwa mpini wake.

Mke wangu akawasha tochi ya simu. Uani hapakuwa na mwizi. Palikuwa na bata, wengi, nyuso nyeupe zote zimenigeukia, na punje za uwele zikiwa bado zinawadondokea migongoni. Bata wa porini wenye akili timamu wangeruka. Hawa, walioharibiwa na maandazi, walikuja mbio miguuni pangu, na mmoja akaanza kuokota punje zilizonasa kwenye pindo la kitenge. Hoja yangu ya nne ilikuwa inathibitishwa kwa vitendo, na hakuna aliyekuwa akiandika kumbukumbu.

Vijana wa ulinzi shirikishi walikuwa wamesikia ukelele wangu. Walifika wakipuliza filimbi, na bata wakawajibu, filimbi kwa mluzi, mpaka mtaa mzima ukawa macho. Tochi zote zikanikuta mimi, mwenyekiti wa kamati, nikiwa kifua wazi na kitenge cha maua, ndoo mkononi, katikati ya kundi linalokula. Mama Chapati alifika wa mwisho. Hakusema neno, aliangalia ndoo, akaangalia bata, akaguna kidogo, akarudi kulala.

Shauri lilisikilizwa asubuhi chini ya mwarobaini wa ofisi ya mtaa. Nilijitetea kwa utaratibu, nikieleza tofauti kati ya kulisha na kurusha, na nia yangu ambayo ilikuwa ni kujeruhi. Wajumbe walianza kuyumba. Ndipo mama mkwe akaomba kusema. Alikiamkia kikao kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nusu ya wajumbe wakaitikia kwa furaha, nami nikajua nimekwisha.

"Mkwe wangu ana roho nzuri," alisema. "Mimi mwenyewe nimemwona. Uwele uliolowa aliuacha. Aliwamwagia ule mzuri, wa kwenye ndoo."

Nilinunua saruji siku hiyo hiyo. Katibu wa mtaa akaniandikia stakabadhi kwa mwandiko wa kupendeza: kwa kosa la kulisha bata, usiku, bila kibali. Nilimweleza kwamba maneno mawili ya mwisho ni hatari kiutawala, kwa sababu azimio halikutaja kibali chochote, na kuyaandika ni kukiri kwamba kibali kinaweza kutolewa. Akasema kitabu cha stakabadhi hakifutwi.

Bata waliondoka wenyewe mwezi wa Juni, shimo lilipobaki tope. Mvua za Desemba zilipoanza walirudi, na wiki hiyo hiyo nikaletewa barua iliyochapwa, yenye kichwa cha habari "YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KULISHA BATA". Mwombaji ni mfanyabiashara wa chapati na maandazi. Ameambatanisha nakala ya stakabadhi yangu kama kielelezo cha kuwapo kwa utaratibu huo, anaomba ajibiwe na mwenyekiti wa kamati ndani ya siku 14, na chini kabisa ameandika: "Nakala: Mama Mkwe wa Mkaguzi, kwa taarifa."