Kesi ya Nguzo ya Umeme

Mtu akikuambia kazi ya miwani ni kuuza fremu na kufuta vioo kwa kitambaa, muulize kama amewahi kuusomea mtihani wake. Mimi niliusomea Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye nyumba ya kupanga yenye uani mmoja, bafu moja na masikio mengi.

Nadharia nilikariri usiku, maana mchana niko dukani nanyoosha mikono ya miwani ambayo wenyewe wameilalia. Kilichonitoa jasho ni kugeuza namba. Cheti cha macho kinakuja kimeandikwa +2.00, silinda (nguvu ya ziada ya mwelekeo mmoja tu) −1.00, mhimili (nyuzi za jinsi silinda ilivyolala) 180, halafu mtahini anataka umwandikie lenzi hiyo hiyo kwa silinda ya plasi. Njia yenyewe fupi: jumlisha zile namba mbili, geuza alama ya silinda, zungusha mhimili nyuzi 90. Unapata +1.00, silinda +1.00, mhimili 90. Basi nikawa nalala nayo mdomoni: jumlisha, geuza, zungusha tisini. Kuta za vyumba vyetu hazifiki dari. Dada wa chumba cha pili akawa anasikia kila usiku mwanaume mzima ananong'ona "geuza, geuza, zungusha", na wala hakuniuliza. Aliweka akiba.

Lakini kilichonipeleka kwa mjumbe ni vitendo.

Dukani tuna lensomita: unaweka miwani, unachungulia, unasoma namba. Ila fundi anatakiwa ajue pia kupima lenzi kwa mkono, kwa siku ile umeme umekatika na mteja kakusimamia. Unatafuta kitu cha mbali chenye mistari iliyonyooka, unainua lenzi mbele ya jicho, unaichezesha juu na chini, kushoto na kulia. Mstari ukifuata mkono wako, hiyo ni mainasi, miwani ya wasioona mbali. Ukikimbilia upande wa pili, ni plasi, kama zile za kusomea wazee. Ukiizungusha halafu mistari miwili ikaanza kufunguka na kufunga kama mkasi, humo mna silinda. Kisha unaambatanisha nayo lenzi za alama ya pili, moja baada ya nyingine, hadi mstari utulie tuli. Hapo namba umeipata.

Sasa mistari mizuri kuliko yote uani kwetu ilikuwa ya nguzo ya umeme, pamoja na kile kipande kilichokingama kileleni. Nguzo imesimama nyuma ya bafu. Bafu lenyewe ni mabati yanayoishia shingoni, paa halina.

Wenyeji wa Mbeya wameshajua kesi inakoelekea. Juni na Julai hapa hakuna anayeoga alfajiri kwa hiari yake. Watu wanasubiri jua likolee, saa sita, saa saba, ndipo unaona ndoo zinafuka mvuke zikielekea uani. Na mwanga mzuri wa kuona nguzo ni saa hizo hizo. Pata picha: Jumamosi mchana, nimesimama mlangoni kwangu, jicho moja nimelifumba, miwani naipandisha, naishusha, naipeleka kushoto, naipeleka kulia, uso umeelekea bafuni, na mdomo unasema, "Inakwenda kinyume... bado kidogo... ahaa, imetulia."

Ndani ya bafu alikuwemo mama mwenye nyumba.

Alitoka na khanga yake, povu bado shingoni. "Nimekupokea kama mwanangu," akasema, "kumbe unanipima?"

"Mama, nilikuwa napima nguzo."

Ndugu zangu, kuna ukweli ambao ukiusema unazidi kukuzamisha.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, mjumbe akaja mwenyewe kukagua eneo la tukio. Nikamwamkia, akaitikia shikamoo yangu kama anayepokea bili. Dada wa chumba cha pili akaombwa aeleze anachojua. "Huyu kaka usiku anasema geuza, zungusha," akaanza. "Juzi nimelala kichwa kwenye mto, asubuhi kichwa nimekikuta huku miguuni." Uani wote ukaguna. Ushahidi wa namna hiyo utaupinga kwa fomula gani?

Mama mwenye nyumba naye akatoa yake, akaangalia jua, akasema maji yake yanapoa, tuendelee tu, akachukua ndoo akaingia bafuni.

Nikamwomba mjumbe aniazime miwani yake. Aliinunua mnadani, mkono mmoja umefungwa uzi. Nikaichezesha mbele ya jicho. Nguzo ikafuata mkono.

"Mzee, hii unaivaa wapi?"

"Nasomea. Barua, mihtasari, michango."

"Hii ni mainasi, mzee wangu. Macho ya kusomea yanaanza kuchoka kwenye miaka arobaini na kitu, kwa sababu lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena kuona karibu. Dawa yake ni plasi. Hii inakuongezea kazi."

Mjumbe akatulia. "Ndiyo maana nikisoma nanyoosha mkono hadi bega linauma."

Sauti nyuma ikasema, "Kwa hiyo ule mchango wa ulinzi ulikuwa 3,000, siyo 8,000?" Mjumbe hakuisikia, au alikuwa na shughuli, maana alishaninyang'anya miwani anaichezesha mwenyewe. "Eh! Inanifuata! Jamani nguzo inanifuata!"

Hapo kesi ikasambaratika. Baba wa chumba cha mbele akaleta miwani yake ya plasi, nguzo ikakimbia upande wa pili, wakaanza kubishana nani ameona sawa. Mgambo aliyeletwa kunikamata akaomba aazime. Dada wa chumba cha pili naye akaingia mstarini na miwani ya jua, ambayo haina namba yoyote, akasisitiza kwamba yake inazunguka. Wote wamesimama mlangoni kwangu, jicho moja wamefumba, mikono inapanda na kushuka, nyuso zote bafuni.

Juu ya mabati kikachomoza kichwa chenye povu.

"Mjumbe! Na wewe?"

"Tulia mama, usinitikisie nguzo," mjumbe akajibu, jicho hajalifumbua. "Ndiyo kwanza inageuka."