Si la Kuongea Kwenye Simu

Mke wangu alinipigia Jumanne usiku akasema, "Baba Imani, Ijumaa nakuja. Kuna jambo, ila si la kuongea kwenye simu."

Jamani. Mwanaume akiambiwa hivyo Jumanne, atalalaje mpaka Ijumaa? Miezi kumi na moja sasa niko Dar nasomea uzamili, yeye yuko Dodoma na mtoto wetu na kazi yake ya uuguzi, na kwa miezi yote hiyo ndoa yetu imekaa ndani ya simu. Homa za mtoto tumeziongelea kwenye simu. Tumegombana kwenye simu, tukaombana radhi kwenye simu mpaka bando likakatika katikati ya msamaha. Mjomba wangu tumemzika kwenye simu. Sasa ni jambo gani hilo ambalo simu imeshindwa kulibeba?

"Ni zuri au baya?"

"Nitakuja."

"Haya. Pikipiki haijambo?"

Akakata.

Hapo inabidi niwaeleze. Nina pikipiki. Nimeiacha Dodoma, imefunikwa shuka kama mgonjwa, na ni kweli kwamba kila nikipiga simu naanza kuiulizia yenyewe, halafu Imani. Si kwamba namdharau mtoto. Mtoto analia akipata shida, pikipiki hailii. Mama Imani huwa anasema iko siku ataibandika simu kwenye tanki la mafuta niongee nayo mwenyewe.

Basi Alhamisi maktaba sikwenda. Nimepanga chumba Changanyikeni, nyuma ya chuo. Mtaa jina lake lenyewe linaamrisha watu wachanganyike, na mimi humo naishi peke yangu na ndoo mbili. Nilifua chandarua. Niliangusha utando wa buibui ambao kwa kweli tulishazoeana. Maboksi ya chipsi nikayatoa usiku, moja moja, kama mtu anayehama asilipe kodi. Vyombo nikakumbuka nina sahani moja na kikombe kimoja, nikaazima sahani mbili kwa jirani yangu, kijana fundi simu. Sahani zenyewe zina maua waridi mekundu, eti mama yake alimpa siku anaondoka nyumbani. Kitanda sikuwa na la kufanya. Ni tatu kwa sita. Siku ninakinunua muuzaji aliniuliza kama nina uhakika, nikamjibu mimi mwanafunzi, mwanafunzi halali.

Halafu ikaja hii treni ya umeme.

Sina ubaya nayo. Ila basi la zamani lilikuwa rafiki wa mwanaume mzembe. Mke akikwambia nimepanda basi Dodoma, una mchana mzima: unafua, unadeki, unakwenda saluni, unarudi, yeye bado yuko Gairo anakula mahindi ya kuchoma. Treni inakuja kwa saa nne, hata hazitimii. Alinipigia anasema ndiyo tunaanza kutembea, nikasema ngoja nipige pasi shati. Wakati napiga pasi la pili yuko Morogoro.

Nilifika stesheni nimechelewa dakika ishirini. Nilimkuta amekaa juu ya kiroba, pembeni ana boksi la zabibu, mfuko wa karanga, mlenda mkavu na unga wa uwele, ameshika kitambulisho mkononi kama mtu aliyekuja kuripoti mume aliyepotea. Akaniangalia lile shati lenye pasi.

"Treni imetoka Dodoma, Baba Imani. Kilomita kama mia nne na hamsini. Imefika kwa wakati. Wewe umetoka Changanyikeni."

Hakuongeza neno mpaka tumefika nyumbani.

Nikafungua mlango kwa mbwembwe. Akasimama kizingitini, akanusa. Akaangalia chandarua, akaangalia sakafu inavyong'aa, akaangalia yale maua waridi kwenye sahani. Sasa sikilizeni uonevu huu. Chumba kingekuwa kichafu ningesemwa. Kikawa kisafi, naulizwa, "Nani kafanya usafi humu?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe, Mama Imani."

"Na sahani hizi umechagua wewe?"

Nikaanza kujieleza habari za jirani, fundi simu, mama yake. Kadiri ninavyoeleza naona kesi inazidi kuwa kubwa. Nilikuwa tayari kwenda kumwamsha yule kijana aje aape, lakini Mungu si Athumani: mwenzangu aliinama akachungulia uvunguni. Akatoa soksi, moja, imekakamaa. Akatoa kikombe, kile changu cha pili nilichokitafuta tangu mwezi wa tatu, chai imo bado, juu yake imeota kitu cha kijani chenye manyoya. Akakiinua kwenye taa akakitazama kwa jicho la kiuguzi. Uso wake ukalegea, akacheka.

"Haya. Hapa sasa ndiyo kwako."

Hakuna mwanaume aliyewahi kuokolewa na ukungu kama mimi siku ile.

Tumemaliza kula, nikakohoa kidogo. "Ehe, lile jambo."

Akafungua mdomo. Umeme ukazima. Si kwamba umekatika mtaa mzima, hapana, uniti zimeisha. LUKU yetu moja, vyumba sita, tuna daftari la michango ambalo likisomwa vizuri linaonyesha kwamba chumba namba nne anapika maharage kwa jiko la umeme. Yeye anakana. Feni ikazunguka mara tatu za mwisho, ikasimama. Sasa fikiria: joto la Dar, watu wazima wawili, tatu kwa sita. Kitanda kile mtu mmoja akitaka kugeuka lazima iwe kwa makubaliano. Nikamwambia twende upande wa dirisha, moja, mbili, tukageuka. Nikasema basi tuongee gizani hivi hivi, jambo gani? Kimya. Alikuwa ametoka zamu mbili za usiku mfululizo ili wenzake wamwachie hizi siku mbili. Amelala na kanga begani, mdomo wazi.

Sikulala mimi. Nikapiga hesabu, ndiyo ugonjwa wa kusoma takwimu. Nauli ya treni ya kawaida elfu 31 kuja, elfu 31 kurudi, jumla 62,000. Kafika Ijumaa saa 3 usiku, ataaga Jumapili saa 8 mchana. Saa 41. Kila saa moja ya ndoa inatugharimu kama shilingi 1,500, na hapo anakoroma.

Jumamosi asubuhi msimamizi wangu akaandika barua pepe. Mzee huyu alikuwa kimya wiki sita. Wiki sita napita mlangoni kwake nasikia redio ndani, nagonga, redio inapunguzwa sauti. Leo mke wangu amekuja, ndiyo kakumbuka nina sura ya tatu: niipeleke imerekebishwa, Jumatatu saa 2 asubuhi. Nikafungua kile alichosahihisha. Kila ukurasa, pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja: "Chanzo?" Niliandika kwamba wananchi wengi wa mijini wanatumia simu, "Chanzo?" Niliandika kwamba mvua ikinyesha barabara za vumbi hupitika kwa shida, "Chanzo?" Mzee yule ukimwambia shikamoo atakuuliza umeitoa wapi.

Mama Imani alikuwa anasoma begani kwangu. "Sasa kwa nini huendi kukusanya hizo data umalize?"

"Hela," nikasema. "Nauli za vijijini, posho za wasaidizi wawili, kuchapisha dodoso. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Hapo sikuwa na jibu. Akaenda kwenye ule mfuko wa karanga, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa bahasha ya kaki. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Laki saba, noti za elfu kumi kumi, zinanukia karanga.

Nakumbuka nilikodolea macho kalenda ukutani. Tarehe 14. Tarehe 14 mtumishi wa umma anakula kwa daftari la dukani. Mtu mwenye akili ya utafiti, ambaye dakika tano zilizopita ameandikiwa "Chanzo?" mara arobaini, angeuliza swali moja tu. Mimi nikasema, "Ahsante, mke wangu," nikaificha chini ya godoro.

"Ndiyo hapo sasa," akasema, "lile jambo nililo—"

Simu yangu ikaita. Shangazi, Mbagala.

Nani kamwambia mpaka leo sijui. "Yaani mkwe kaja mjini mnanificha?" Shangazi haulizi, anahukumu. Kutoka Changanyikeni kwenda Mbagala mnavuka jiji zima, daladala juu ya daladala. Mahali fulani kwenye foleni, tumesimama tumebanwa, Mama Imani uso wake uko kwenye kwapa la mtu mwenye debe, akanigeukia. "Baba Imani, mimi naona tu nikwambie hapa hapa." Konda akapiga bodi, "Sogeeni nyuma huko, nyuma kweupe!" Mimi nikasogezwa nyuma, yeye akabaki mbele. Tukaangaliana juu ya vichwa vya watu kama wafungwa.

Kwa shangazi tukakaribishwa vizuri. Soda, picha za harusi ya binamu, halafu akasema hamtoki humu bila kula. Nikasikia harufu ya chochote? Hapana. Nikachungulia uani. Kuku alikuwa anatembea. Si kwamba amefungwa miguu anasubiri, alikuwa anatembea zake, anaparua, na watoto wa shangazi hawajaanza hata kumkimbiza. Tulikaa saa tatu kabla hajaingia sufuriani. Kwa hesabu zangu kuku yule alitugharimu 4,500 akiwa bado hai. Na boksi la zabibu, ambalo Mama Imani alilipakata kutoka Dodoma, kwa adabu za ukwe likabaki mezani kwa shangazi. Mimi nilikula zabibu saba. Nilizihesabu.

Tumerudi usiku, miguu imevimba. Saa 3 ikafika, ile saa tunayopigiana kila siku. Tukakaa kitandani bega kwa bega, yeye kashika simu yake, mimi yangu, kimya. Nyie, mambo ya ajabu. Kwenye simu huwa hatumalizani, hapa namtazama sijui nianzie wapi. Nikamwambia, "Umekula?" ndivyo ninavyoanzaga. Akasema, "Si tumekula wote kwa shangazi." Tukacheka mpaka chumba namba nne akagonga ukuta. Yeye wa kugonga ukuta, na maharage yake.

Jumapili sina cha kusimulia. Alifua mashati yangu yote pamoja na yale masafi, akampelekea fundi simu sahani zake na kumpa mlenda, nikamsindikiza mapema kwa sababu treni ile haina habari ya mtu anayekuja mbio anapunga mkono. Kwenye mlango wa ukaguzi akasimama kama anataka kusema neno. Watu nyuma yake wakasukuma. Akaingia.

Nimerudi Changanyikeni, nimekaa. Chumba kinanukia sabuni. Nikatoa bahasha chini ya godoro, nikaiweka mapajani. Simu ikaita.

"Baba Imani, tumetoka Morogoro. Hivi unajua sijakwambia lile jambo?"

"Si ulisema si la kwenye simu."

"Sasa nitafanyaje. Usikasirike lakini. Zile hela nilizokupa, ile pikipi—"

Kimya. Pale Kilosa treni inapita kwenye mahandaki ndani ya milima, yako manne. Mtandao ukarudi, nikasikia "...akaja na ndugu yake kuiangalia...", ukakatika. Ukarudi, "...mimi nikamwambia haipungui hapo...", ukakatika tena. Nilikaa na bahasha yangu nikayasubiri yote manne yaishe. Noti bado zilikuwa zinanukia karanga.

Simu ikaita tena.

"Umenisikia?" akauliza, sauti ndogo.

"Mtandao mbovu," nikamwambia. "Imani hajambo?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia treni inavuma nyuma yake.

"Leo umeanza na Imani?"