Chaga: jina limechukuliwa, desturi imeachwa

Kila anayeuza chaga, fangasi wa mitini anayeuzwa kama dawa, ana sentensi ileile: watu wa Siberia wameitumia kwa karne nyingi. Ni kweli, wameitumia. Kinachonikera ni kuikuta imeandikwa kwenye kopo la unga, na chini yake maelekezo ya vijiko kadhaa kwa siku, kana kwamba ndivyo hao wa Siberia walivyofanya.

Chaga (na Wachaga wa Kilimanjaro hawahusiki, majina yamegongana tu) ni fangasi, kitaalamu Inonotus obliquus. Huishi ndani ya miti ya betula katika misitu ya baridi: Urusi, nchi za Skandinavia, Kanada, Alaska, hadi kaskazini mwa Japani. Bonge lile jeusi linalochomoza kwenye shina, limepasukapasuka kama mkaa, halitoi hata kijimbegu kimoja. Ni nyuzi za fangasi zilizochanganyika na mbao. Sehemu inayozaa hujitokeza chini ya gome mti ukishakufa, tena kwa muda mfupi, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuiona. Bonge lenyewe hukua polepole mno, miaka na miaka.

Wanaotajwa zaidi kwa matumizi ya chaga ni Wakhanty wa Siberia ya magharibi. Waliichemsha wakanywa kwa maumivu ya tumbo, kwa minyoo, kwa kifua kikuu. Waliivuta moshi wake. Na walikuwa na namna nyingine ambayo hutaikuta kwenye kopo lolote: kipande kilitiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kisha kikatumbukizwa kwenye ndoo ya maji moto na kukorogwa hadi kikavunjikavunjika. Maji hayo meusi yalikuwa sabuni yao. Yaliwaogesha watoto wachanga, na wanawake waliyatumia kujisafisha wakati wa hedhi na baada ya kujifungua. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa habari nzima, kwa sababu panaonyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa hii ilikuwa usafi wa mwili katika nchi ya baridi kali. Lakini usafi hauuziki kwa bei ya tiba ya saratani.

Maana saratani ndiyo inayoiuza. Mwaka 1955 Muungano wa Kisovyeti uliidhinisha dawa iliyotokana na chaga, ikaitwa Befungin, na habari hiyo husimuliwa kama uthibitisho kwamba Warusi waligundua tiba wakaificha. Befungin ilikusudiwa kwa magonjwa ya tumbo na kumpa nafuu mgonjwa wa saratani. Nafuu na kupona ni vitu viwili. Maabarani, maji ya chaga yamezuia seli za saratani zisiongezeke na yamepunguza uvimbe kwa panya, jambo linalostahili kuendelea kuchunguzwa, ila mambo mengi huwaponya panya. Majaribio makubwa kwa binadamu hayapo.

Kilichopo ni madhara. Chaga ina oksaleti (aina ya chumvi ya asili) nyingi sana, na oksaleti ikizidi mwilini huganda kuwa chembe ndani ya figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walichapisha kisa cha mama wa miaka 72, mgonjwa wa saratani ya ini, aliyekuwa akitumia vijiko vinne hadi vitano vya chai vya unga wa chaga kila siku kwa miezi sita. Figo zake ziliharibika, akaingia kwenye usafishaji wa damu kwa mashine. Walipochukua kipande cha figo wakakipima, walizikuta chembe za oksaleti.

Sisemi kuchemsha kunaondoa hatari. Sehemu ya oksaleti huyeyuka majini ikaingia kikombeni. Ninachosema ni kwamba anayemeza unga anameza bonge zima, mbao na vyote, kila siku, bila ugonjwa unaojulikana na bila siku ya kuacha. Huo ni mtindo wa vidonge vya virutubisho uliovishwa ngozi ya Siberia.

Halafu kuna makopo ambayo hayana hata hilo bonge. Bidhaa nyingi hutengenezwa kwa kuotesha nyuzi za fangasi juu ya nafaka, zikasagwa pamoja na nafaka yake. Betulini, mojawapo ya kemikali zinazosifiwa sana kwenye matangazo, asili yake ni gome la betula. Fangasi aliyelelewa kwenye mchele ataipata wapi?

Mwenye figo dhaifu au aliyewahi kuwa na mawe ya figo aiache kabisa, hata iwe ya msituni kweli. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kushusha sukari amwambie daktari kabla hajaigusa, kwa kuwa inaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo. Na daktari atajiwe kipimo chenyewe, vijiko vingapi kwa siku. Kumwambia "nakunywa mitishamba kidogo" hakumsaidii kitu.