Mshale wa Sheetal Devi ulivuma, mchuano haukuvuma

Mwishoni mwa Agosti 2024, michezo ya Paralimpiki, ya wanamichezo wenye ulemavu, ikiendelea Paris, video ya Sheetal Devi ilizunguka dunia nzima. Binti huyo wa India, aliyezaliwa bila mikono na wakati huo ana miaka 17, ameinua upinde kwa mguu, amevuta uzi kwa bega, mshale umekwenda katikati kabisa. Ila mchuano wenyewe alishindwa kwa pointi moja, 137 kwa 138, na Mariana Zúñiga wa Chile. Baadaye alipata shaba pamoja na Rakesh Kumar. Hayo hayakusambaa.

Lawama nyingi kuhusu video za michezo hii, hata hivyo, zimeangukia ucheshi. Akaunti ya TikTok ya Paralimpiki huweka sauti za kuchekesha juu ya picha za wanamichezo. Mwendesha baiskeli wa Australia Darren Hicks, aliyekatwa mguu wa kulia, alionyeshwa akikanyaga pedali huku sauti ikiimba "kushoto, kushoto". Wapo waliosema huo ni udhalilishaji. Kamati ya kimataifa ya Paralimpiki ikajibu kwamba anayeendesha akaunti naye aliwahi kushiriki Paralimpiki. Jibu hilo nalikubali nusu. Wanaocheza pamoja hutaniana, na wamejipa haki hiyo. Lakini anayetazama Morogoro au Kisumu si mtani wao, na video haimtofautishi na wenyewe.

Hata hivyo, kwetu nisingethubutu kusema mitandao ifungwe mlango. Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, alishinda mita 5,000 Sydney mwaka 2000 akimkokota mwongozaji wake aliyeishiwa nguvu karibu na utepe. Fikiria tukio lile lingekuta simu mikononi mwa watu! Televisheni zetu mara nyingi huipita michezo hii kama haipo, basi simu ndiyo uwanja.

Tatizo naliona kwa Samson Ojuka, aliyeipa Kenya medali yake pekee Paris, fedha ya kuruka chini. Yeye yuko daraja la T37, yaani kundi la wenye tatizo la uratibu wa misuli upande mmoja wa mwili. Ukimtazama kwa sekunde kumi unaona mwanamume anaruka, basi. Mtandao unalipa mshangao, na ulemavu usiomshtua mtazamaji haumpi kitu cha kushirikisha wenzake, hata kama mruko umeleta medali. Mstari mmoja chini ya video, wenye jina, daraja na matokeo, ungemsaidia Ojuka kuliko kuifuta video ya Hicks.