Paa la tembe na bajeti ya malikale

Mwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, hangoji paa livuje. Mvua zikikaribia anapanda juu ya paa, anatazama palipotitia, anapandisha udongo kwa karai na kuushindilia. Ni kazi ya siku mbili tatu, na wanawe wakimsaidia inaisha mapema zaidi. Akipitisha mwaka mmoja bila kupanda, maji yanafika kwenye boriti. Akipitisha miaka mitatu, boriti zimeoza na nyumba inamshinda, kwa sababu sasa anahitaji miti mipya, na miti ya kujengea huku kwetu haiokotwi njiani.

Nimeanzia kwenye paa kwa sababu kila mara suala la fedha za serikali kwa ajili ya malikale, yaani magofu, majengo ya kale na michoro ya miambani, linapotajwa hapa Dodoma, watu wanalisikia kama ombi la kujengewa nyumba mpya. Kinachoombwa ni lile karai la udongo.

Hoja ya wanaopinga nimeisikia kwa namna nyingi, lakini aliyenibana sawasawa ni diwani mmoja tuliyekuwa tumekaa naye kwenye benchi la nje ya ofisi ya kata. Aliniuliza: “Ndugu yangu, mimi nirudi kwa wananchi niwaambie fedha zimekwenda kwenye michoro ya mawe, na wao bado wanapanga ndoo?” Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama swali hilo linastahili jibu la haraka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Mji huu ulipangwa tangu 1973 kuwa makao makuu, lakini watu wamemiminika hasa baada ya serikali kuhamia, na visima vya Mzakwe, vinavyolipatia jiji maji, vilikuwepo kabla yao. Anayesema maji kwanza hakosei.

Lakini tuitazame hoja yake kwa makini. Inachukulia kwamba mambo haya mawili yanagombea fungu moja na kwa uzito unaofanana. Hayafanani. Kisima kikicheleweshwa mwaka mmoja, watu wanateseka mwaka mmoja, na mwaka unaofuata kinachimbwa. Mchoro ukifutika, hakuna bajeti ya mwaka wowote itakayourudisha. Na fedha zenyewe hazilingani hata kidogo: kumlipa mlinzi, kusafisha njia, kukata miti inayougusa mwamba na kuelekeza maji pembeni havikaribii gharama ya mradi wa maji wa kata moja.

Nimepanda Kolo, wilayani Kondoa, na ningependa kila anayepitisha bajeti apande pia. Mlima unachosha, njia ina mawe yanayoteleza, halafu unafika chini ya mwamba uliojiinamia kama mtu anayekinga mvua kwa mgongo. Mwanzoni huoni kitu. Kisha jicho linazoea kivuli, na wanaanza kujitokeza: watu wembamba waliochorwa kwa wekundu, warefu kupita kiasi, vichwa vyao kama wamefunga kitu, pembeni twiga, tembo, pofu. Pengine kuna weupe mzito wa michoro iliyokuja baadaye, mikono ya watu wengine kabisa. Kilichonishika siku ile kilikuwa mstari mmoja wa maji. Ulianzia kwenye ukingo wa mwamba juu, ukashuka moja kwa moja katikati ya mtu mmoja mwekundu. Kushoto kwa mstari bega lilikuwepo. Kulia halikuwepo.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja eneo hili mwaka 1951 akakaa miezi kadhaa akinakili michoro hii, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango na vibanda vya miamba ambavyo idadi yake inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanadhani jina la UNESCO limekuja na mfuko wa fedha, kwamba kuna mtu Paris anayelipa mishahara ya walinzi wa Kolo. Hayupo. Nchi inapoomba eneo lake liorodheshwe, inaahidi kulitunza yenyewe. Ahadi hiyo tuliitoa sisi.

Wapo wanaosema basi urithi ujilipie wenyewe, watalii walipe kiingilio na mambo yaishe. Ningefurahi ingekuwa hivyo. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, imekamilika kwa lami na kuzinduliwa 2018, na inapita hapo hapo Kolo. Lami hiyo hiyo ndiyo inayompitisha mgeni kwa kasi kuelekea Arusha, kwenye tembo walio hai. Idara ya Mambo ya Kale imo ndani ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wizara ile ile yenye Serengeti na Kilimanjaro, na ukiwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya namna hiyo, sahani inakufikia ikiwa nyepesi. Baadhi ya vituo vya malikale vimekabidhiwa kwa taasisi za uhifadhi zenye kipato, kama Kimondo cha Mbozi kilivyokwenda kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ni hatua nzuri. Lakini mchoro uliopimwa kwa tiketi utaonekana hauna faida mwaka ambao wageni hawakuja, na mvua hainyeshi kwa kufuata idadi ya wageni.

Kuna pingamizi jingine, na hili ninaliheshimu kuliko la diwani. Watu wa milima ya Irangi, huko huko Kondoa, wana sababu ya kushtuka wakisikia neno “hifadhi”. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Ardhi ilipona, hilo linaonekana hadi leo kwa macho. Ila ng’ombe walihamishwa kwa amri, na familia ziligawanyika, wengine wakifuata mifugo yao mbali. Ukienda kwa wazee wa huko na karatasi yenye nembo ya serikali ukasema unakuja kuhifadhi, wanajua wimbo huo unavyoishia.

Na Kolo kuna jambo gumu zaidi. Miamba ile haijawahi kuwa kitu cha kutazamwa tu. Mungomi wa Kolo ni mahali pa matambiko. Watu wanapanda kuomba mvua, kuomba uzima, na pombe ya kienyeji hutumika. Mtaalamu anaona pombe inayorukia rangi na anashika kichwa. Mzee wa mila anaona wazimu wa kuuzuia mlima usifanye kazi yake. UNESCO yenyewe iliitaja imani hai ya wenyeji kuwa sehemu ya thamani ya eneo hilo. Zamani baadhi ya vibanda vilizungushiwa wavu wa chuma, na wavu huo haukudumu, ukang’olewa ukapata matumizi mengine vijijini. Mimi siwalaumu waliong’oa. Uzio unaowekwa bila kumuuliza mwenye mlima ni wavu wa bure tu.

Wanaochimba nao wapo. Imani kwamba Wajerumani walificha mali chini ya miamba imewafanya watu wafukue sakafu za vibanda hivyo, mahali ambapo wanaakiolojia wangesoma maelfu ya miaka. Kijana wa namna hiyo huwezi kumzuia kwa bango. Anazuiwa na jirani anayelipwa kuutunza mlima na anayejulikana kijijini. Kwa hiyo pingamizi la wazee halinipeleki kwenye jibu la serikali kukaa pembeni. Linanipeleka kwenye jibu la fedha kupita mikononi mwao: walinzi watoke vijiji vya Kolo na Pahi, na utaratibu wa tambiko ukubaliwe kwa mazungumzo, pombe imwagwe hatua chache mbali na ukuta.

Nirudi mjini, maana kuna namba moja inayonisumbua. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inayalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyowekwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo kinangoja waziri akitangaze. Ninausoma mwaka huo hivi: ni takribani miaka mia moja kabla ya sheria yenyewe, na nchi iliyokuwa huru kwa miaka mitatu tu iliamua kukinga kilichokuwa chetu kabla ya mkoloni kututawala. Naielewa fahari hiyo. Lakini ichukue namba hiyo utembee nayo Dodoma. Reli ya Kati ilifika hapa 1910. Idara ya Jiolojia iliweka makao hapa 1925. Mirembe, hospitali ambayo jina lake limekuwa msemo nchi nzima, ni ya miaka hiyo hiyo. Kituo cha Wajerumani Mpwapwa kiliwekwa 1889. Katika mji mzima wa Dodoma sijui hata ukuta mmoja unaopata ulinzi wa moja kwa moja, kwa sababu mji wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko mstari uliochorwa na sheria.

Halafu Kongwa. Ilikuwa 1964, mwaka ule ule sheria ilipotungwa, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipoanza kambi pale, kwenye eneo lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Wapiganaji wa vyama vya FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU wote walipita Kongwa. Baadhi hawakurudi makwao. Makaburi yao yako pale. Kwa hiyo huku wabunge wanaandika kwamba urithi ni kile cha kabla ya 1863, basi na malori yalikuwa yanashusha vijana kwenye vumbi la Kongwa, na vijana hao wangekuja kuongoza mataifa. Historia iliyotugharimu sisi wenyewe ikawa changa mno kulindwa na sheria yetu. Mpango wa Urithi wa Ukombozi wa Afrika, ambao Tanzania ndiyo mwenyeji wake, umeanza kuziba pengo hilo, lakini mpango si sheria.

Mwenye nyumba ya zamani pale Uhindini atasema, na kwa haki, kwamba kutangaziwa nyumba ni kufungwa mikono: kiwanja cha katikati ya jiji kinadai ghorofa, naye anaambiwa asiguse kibaraza. Hapo ndipo fedha za umma zinapotakiwa kuingia. Kodi ya jengo tunakatwa siku hizi kwenye LUKU, tunaponunua umeme. Mwenye nyumba iliyotangazwa angeweza kusamehewa kodi hiyo. Anayebeba mzigo kwa niaba ya wote asaidiwe na wote.

Tumeshaona gharama ya kuchelewa. Tarehe 25 Desemba 2020, Zanzibar, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883 iliporomoka wakati ukarabati wake umeshaanza, na watu walipoteza maisha. Mafundi walikuwa ndani, fedha zilikuwa zimepatikana, ila miaka ya kuvuja ilikuwa imetangulia. Na tumeona pia upande wa pili: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, kazi ikafanyika kwa msaada wa nje na nguvu za wenyeji, na mwaka 2014 yakaondolewa. Kuta zile zimesimama leo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuchanganya chokaa na mtu wa kumlipa.

Diwani yule nilimrudia baada ya kutoka Kolo, nikamwonyesha kwenye simu picha ya yule mtu mwekundu aliyekatwa bega na maji. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Akaniuliza kuelekeza maji yasipite pale ni shughuli kubwa kiasi gani. Nikamwambia ni shughuli ya fundi mmoja anayejua anachofanya, na mtu wa kwenda kuangalia kila mwaka kabla ya mvua. Akasema, “Kama paa la tembe.” Kisha akaniomba nimtumie ile picha, akaende nayo kwenye kikao.